Mkanda wa Mshazari

Fundi bodi waliyemwita Profesa hakuhitaji kusoma jina la gari. Likichungulia tu kwenye kona, yeye ameinama na nyundo yake, angekwambia ni la kampuni gani na la miaka ipi.

"Kila kampuni ina uso wake," alipenda kusema. "Ni kama ukoo. Wajukuu wanaongezeka urefu, wanabadili mavazi, lakini pua ni ileile ya babu. BMW tangu enzi hizo ina matundu mawili mbele, kama figo. Jeep ina mianya saba, hesabu mwenyewe. Volvo ina mkanda wa mshazari, kutoka kona hadi kona. Zamani mkanda ule ulikuwa na kazi, ndio ulioshikilia nembo. Leo nembo unaweza kuibandika popote, lakini mkanda haujatoka. Utoe uone, utadhani mtu kanyolewa nyusi."

Mambo hayo aliyapata kwenye majarida ya zamani, aliyoyasoma kamusi ikiwa mkononi, akipiga mstari chini ya kila neno gumu. Hakuna aliyemfundisha. Ndiyo maana aliyaonea fahari, na kusema kweli alikuwa na haki.

Asubuhi moja ya mvua gari lilimgonga fundi cherehani akivuka barabara, likamvunja mguu wa kulia chini ya goti, likaenda zake. Mguu huo ndio aliokanyagia cherehani. Mkewe alikuwa hatua mbili nyuma yake na mwavuli. Mchana watu walimleta gereji, kanga bado imelowa, maana kila mtu alijua pa kupeleka swali la namna hiyo.

"Uliona nini, shemeji?" Profesa akamuuliza.

"Mvua ilikuwa inanipiga usoni. Niliona mstari tu. Mstari unang'aa, umelala hivi." Akachora hewani kwa kidole, kutoka begani hadi nyongani.

Profesa alipanda juu ya pipa la oili lililopinduliwa, kama alivyozoea akitaka kusikika. "Basi, maneno yamekwisha! Hiyo ni Volvo. Na Volvo mtaa huu ni moja."

Watu wakatazamana. Volvo ile ilikuwa ya mkunga mstaafu, mama mtu mzima aliyekaa nyumba ya lango la kijani. Nusu ya waliosimama pale walizaliwa mikononi mwake.

"Ngoja kwanza," alisema mpiga rangi, mwenzake wa gereji. "Gari ya yule mama sidhani kama bado ina huo mkanda."

"Kuung'oa ni dakika tano, bwana. Bisibisi moja tu."

Watu wakacheka, na Profesa akacheka nao. Kicheko hicho ndicho kilichomaliza kesi. Mkunga aliitwa kituoni mara tatu. Gari lake halikukutwa na mbonyeo wala mkwaruzo mpya, lakini halikuwa na mkanda, na mtaani tayari walijua kwa nini. Alipojieleza kwamba ulikwisha kutoka miaka mingi iliyopita, walimjibu kwa maneno ya Profesa: dakika tano, bisibisi moja. Wajawazito waliokuwa wakimfuata kwa ushauri wakaacha. Akiingia dukani, mazungumzo yanakatika. Mtu alichukua mkaa akaandika langoni pake: MGONGAJI.

"Yule ndiye aliyewapokea wanao wote wawili," mke wa Profesa alimwambia wakila. "Huoni hata haya?"

"Mimi sikumtaja mtu. Nilitaja gari."

Wiki ya nne, gari la kubebea mikate liliingia gereji. Lilikuwa gari dogo la Kijapani lenye buti refu, la kawaida kabisa, taa ya kulia imevunjika na boneti imekunjika pembeni. Mwenyewe alikuwa msambaza mikate, mteja wa siku nyingi.

"Niligonga nguzo," alisema, macho yakiwa kwingine. "Ninyooshee, fundi wangu. Na hiki kidude chako cha mbele kimepinda. Kirudishe kama kilivyokuwa."

Profesa aliinama akitazame hicho kidude.

Mbele ya gari lile la mikate palikuwa na mkanda wa bati linalong'aa, umelala mshazari kutoka kona hadi kona. Umeshikwa kwa ribiti tatu juu, mbili chini. Chini zilikuwa mbili kwa sababu siku ile ribiti zilimwishia. Aliukata yeye mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, kutoka kwenye urembo wa mlango wa gari bovu, msambaza mikate alipomwambia, "Nataka wakiniona kwa mbali wadhani ni Volvo, wanyanyuke kwenye viti." Walicheka mpaka machozi. Profesa alipiga msasa, akasugua hadi bati likawa kama kioo, akasimama kando kuutazama uongo wake, akausifu. Kisha akausahau.

"Nguzo ipi hiyo?" aliuliza.

"Nguzo tu. Nguzo ni nguzo."

"Lini?"

Msambaza mikate alilamba midomo. "Fanya kazi, Profesa. Kimya kimya, kama watu wazima."

Na jambo ambalo Profesa hakuweza kujisamehe baadaye ni kwamba aliifanya. Mteja alipoondoka, aliuchomoa ule mkanda, akauweka juu ya fuawe, akaanza kuunyoosha kwa nyundo ndogo ya mpira, taratibu, kwa ustadi wake wote. Alikuwa anafikiri. Ukinyooka, ukarudi mahali pake, gari likaondoka, nani atajua? Yeye atabaki Profesa. Mkunga ni mzee, watu watachoka kusema.

Mkanda ulinyooka. Akajiona ndani yake, uso mrefu uliopinda kama wa mtu asiyemjua. Akatupa nyundo chini.

Kabla ya kutoka alifungua magurudumu mawili ya gari la mikate, akayafungia stoo, na ufunguo akautia mfukoni. "Mwenyewe akirudi, mwambie halitoki," alimwambia mpiga rangi. "Na umwite askari."

Lango la kijani lilikuwa mwendo wa dakika nne. Maandishi ya mkaa yalikuwa yamesuguliwa, lakini bado yalisomeka. Mkunga alikuwa uani anaanua nguo.

"Shikamoo, mama."

Mkunga alikunja shuka mara mbili, akaliweka kwenye beseni.

Profesa alisema yote, akikwama na kurudia, mkanda mkononi kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha watu. Alipomaliza, mama yule aliuliza jambo moja tu.

"Uliwahi kuja kuitazama gari yangu?"

"Hapana, mama."

"Toka gereji kwako mpaka hapa ni mbali?"

"Si mbali."

"Iko pale. Itazame."

Alikwenda. Volvo ilikuwa chini ya kibanda cha mabati, mbele yake pamezibwa kwa wavu wa waya. Matundu mawili ya skrubu yaliyoushika mkanda yalikuwa yameliwa na kutu mpaka yakapanuka kama sarafu. Katika tundu la juu nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo, wakahama, na udongo ukapasuka kwa ukavu. Ile ilikuwa kazi ya miaka, si ya bisibisi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeona. Profesa alisimama pale akiwa amempa mama yule mgongo, maana hakuwa na uso wa kumgeuzia.

"Nisamehe, mama," alisema, akiuambia wavu.

"Usiniombe msamaha uani kwangu, ambako hakuna anayesikia. Ulisema wapi?"

"Gereji."

"Ulisimama juu ya nini?"

"Juu ya pipa."

"Basi nitakuja na mimi. Ngoja nivae viatu."

Walikwenda, yeye mbele, mama nyuma yake, na watu walioona wakawafuata kwa udaku. Mke wa fundi cherehani aliitwa. Fundi cherehani mwenyewe akaletwa na magongo yake, wakampa kiti kivulini. Askari alikuwa amekwisha kufika, na msambaza mikate alikuwa ameketi karibu naye juu ya tairi, kichwa mikononi.

Pipa lilikuwa palepale. Profesa akapanda.

"Haya Profesa, leo somo gani?" mmoja akapaza sauti, na wengine wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

Akatafuta uso wa mkunga kati ya watu. Mama yule hakucheka wala hakununa. Alikuwa anasubiri tu, mikono imefungwa kifuani.

Profesa aliinua ule mkanda juu, kila mtu auone. "Huu niliutengeneza mimi," alisema.

"Hatusikii!" wakasema wa nyuma.

Akavuta pumzi, akaanza upya kwa sauti ileile ya siku ile.