Shahidi wa Mkunga

Dirisha la tatu la ofisi ya uraia lilifunguliwa saa mbili na nusu. Mkunga alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, bahasha kwapani. Hiyo ilikuwa safari yake ya tisa. Kwa miaka kumi na tisa alijaza fomu za watoto aliowapokea wakizaliwa, na kila aliyemwandika akawa raia. Yeye mwenyewe hakuwa na cheti cha uraia, na hospitali ilikuwa imempa mpaka mwisho wa mwezi akilete au aondoke.

"Mlete baba yako athibitishe ulizaliwa hapa," alisema karani.

"Baba alishafariki."

"Kanuni haisemi awe hai, dada. Inasema aje mwenyewe."

Mkunga akaenda makaburini, akamweleza. Jumatatu baba yake akaja, udongo mabegani, kofia mkononi. Watu wakasogea kwenye benchi akapata pa kukaa. Akapewa namba arobaini na sita.

"Shikamoo, mzee. Kitambulisho?"

"Marahaba." Baba akatoa kibati chenye tundu. "Wakoloni walitufunga hiki shingoni. Unajua neno raia lilianzia wapi? Kwa Waarabu, lilikuwa kundi la kuchungwa, kama mbuzi. Na sisi tulichungwa hasa. Tukagoma, tukapigwa, wenzangu wawili wakafa, ili raia awe mtu mwenye haki zake, haki asizoomba dirishani. Sasa huyu mwanangu anafanya nini hapa?"

Karani alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, mzee. Ila shahidi lazima awe raia, na uraia hukoma mtu akifa."

"Nani kaukomesha?"

"Mfumo."

Baba akapiga kaunta ngumi. Udongo ukamwagika juu ya fomu, karani akaupuliza.

"Wanao watatu niliwapokea kwa mikono hii," mkunga alimwambia karani. "Uraia wao niliuandika mimi!"

"Najua, dada, na nakushukuru. Namba arobaini na saba!"

Mwisho wa mwezi mkunga alirudisha sare.

Wafu wengine wakaanza kuja, maana walioambiwa kama mkunga walete wazazi wao walikuwa wengi. Ofisi ikawafungulia dirisha la saba, kila Alhamisi, ikaongeza na mabenchi mawili. Mfagiaji akipita huwaomba wainue miguu, nao huinua. Mpaka leo dirisha hilo halijatoa cheti hata kimoja.