Jiwe la Njaa

Kipande cha jiwe kilimrukia Coleta shavuni. Akakifuta kwa kiganja, damu kidogo, akaendelea kugonga. Mto ulikuwa umekauka hivi kwamba wanawake walikalia mahali samaki walipokuwa wakilala. Debe moja la kokoto, bakuli moja la pumba. Mahindi yenyewe yalikuwa juu barabarani, yanapakiwa kwenye lori la tajiri aliyeyanunua, la kwenda Kasesya mpakani.

"Tajiri anatuonea huruma," alisema jirani yake Agnesi. "Mahindi yangetuvimbisha matumbo."

Hawakucheka sana. Kucheka nako kunataka uwe umekula.

Jiwe moja jeusi walilizunguka tu, hakuna aliyeligusa. Ubavuni lilikuwa na mikwaruzo. Kila njaa kubwa, mwanamke aliyezika mtoto alikwaruza mstari pale maji yalipoishia. Mmoja ulikuwa wa mama yake Coleta. Na zamani jiwe likishaonekana, mkuu wa kijiji alifunga kila kihenge kwa kamba ya nyasi. Hata punje haikutoka kijijini mpaka maji yalifunike tena.

Safari hii maji yalikuwa yameshuka kuipita mistari yote.

Coleta akapanda ukingo. Theodory, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa kivulini mwa lori, anakunywa soda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jiwe limetoka lote, mwanangu. Funga ghala la kijiji."

"Nalijua hilo jiwe. Marehemu bibi alinipeleka kuliona."

"Basi funga."

"Siku hizi biashara huria, mama. Wilayani wataniuliza kamba ya nyasi ni sheria namba ngapi."

"Hata mahindi ya mbegu mmeuza?"

"Kijiji kimeuza. Na wewe ulinyoosha mkono mkutanoni."

"Ulisema anayetaka zahanati anyooshe mkono!"

"Itakuja. Maendeleo yana hatua zake."

"Albina, mjukuu wangu, hainui tena shingo, Theodory."

Theodory akaitazama soda yake, akainywa yote.

"Tajiri anajenga ghala, kokoto hazitoshi," akasema. "Lile jiwe ni gumu, zuri kwa msingi. Debe lake ni mabakuli mawili. Waambie na wenzako."

Coleta akashuka, akawaambia. Nyundo zikanyamaza.

"Usiwe wa kwanza, Coleta," alisema Agnesi.

"Haya, awe nani?"

Wenzake walikuwa wameshaanza kusogeza makalio karibu na jiwe. Coleta akamkumbuka Albina asubuhi ile, akinyonya pindo la blanketi. Akapiga. Nyundo ikadunda, mkono ukafa ganzi mpaka begani. Akapiga tena, likapata ufa. Wenzake wakaingia, kila mmoja upande wake, bila kutazamana.

Jua lilipoinama alimpelekea Theodory debe lake. Theodory akalitikisa. Kokoto zikashuka, pakabaki mwanya.

"Bado, mama."

"Si zimeshuka kwa sababu umetikisa?"

"Tajiri anataka lifure juu. Mimi natumwa tu."

Coleta akalegeza fundo la kanga kiunoni. Humo alikuwa amekificha kipande chenye mkwaruzo wa mama yake. Akakishika kidogo, kisha akakiweka juu ya debe.

"Hapo sawa," alisema Theodory. Akachota mabakuli mawili ya pumba, akapitisha kiganja juu ya kila moja kulisawazisha, ziada ikarudi guniani.