Kigoda cha Shangazi Atupele

Usiku wa jana niliota pedali yangu imegoma.

Niliitengeneza mwenyewe: kopo la dawa ya viatu, swichi ya kengele ya mlangoni, na juu yake kipande cha kandambili. Haina waya. Nikiikanyaga, noti kwenye kishikwambi zinakwenda ukurasa unaofuata, nami naendelea kupiga kinanda kwa mikono yote miwili.

Niko kanisani. Jeneza la shangazi Atupele liko mbele, kama litakavyokuwa leo saa nane. Nakanyaga. Ukurasa hauendi.

"Kuna nini?"

"Nasubiri kidevu," inasema pedali.

Miaka kumi na tisa shangazi alinifunulia karatasi za noti bila kujua kusoma noti hata moja. Alitazama kidevu changu. Nikikiinua, analamba kidole, anafunua. Alikosea mara moja tu, siku niliyopiga chafya.

"Wewe huna macho," naiambia.

"Ndiyo maana nasubiri."

Kigoda alichokalia shangazi kinaingia kwa miguu yake mitatu, kimejaa vumbi la stoo. Nakisalimia, hakiitikii. Kinakaa pembeni yangu.

Sasa tuko shambani kwake Tukuyu, kinanda kiko katikati ya chai. Mvua inanyesha kila mahali isipokuwa kwenye noti.

"Nirudishe Jumapili ile ya Machi," naiomba pedali.

Jumapili hiyo niliitumia pedali kwa mara ya kwanza. Kigoda nilikuwa nimekipeleka stoo, na shangazi sikumwambia kitu. Alikuja na blauzi yake nyeupe, miwani ameifuta, akatafuta pa kukaa, kisha akaiona pedali. "Haya, Gwakisa mwanangu, umepata msaidizi," akasema, akaenda kukaa nyuma kabisa. Mimi nilikuwa najisifu moyoni kwa ufundi wangu. Mei akaugua, na bado sikuwa nimemwambia neno.

"Siwezi," inasema pedali. "Ulinifungia swichi moja, ya kwenda mbele. Ulisema wimbo haurudi nyuma."

"Basi mwite."

"Mawimbi yangu yanafika mita kumi tu. Yeye yuko ya kumi na moja."

Napima kwa futikamba. Kweli, amesimama kwenye ya kumi na moja, miguu mitupu, miwani mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Nisamehe. Nilikuondoa bila hata kukuambia." Nalia, wala sioni haya.

"Ungeniambia tu, mwanangu. Kigoda ungekiacha. Ningekuja kukaa."

Yeye anavuka ile mita moja, anakaa kwenye kigoda, anavaa miwani.

"Kidevu," anasema.

Nainua. Analamba kidole, anafunua kurudi nyuma.

Nikaamka, kumepambazuka. Kishikwambi kilikuwa mezani. Jana nilikiacha kwenye ukurasa wa mwisho wa wimbo wa maziko. Sasa kilikuwa kwenye wa kwanza. Pedali ilikuwa kwenye kifuko chake, betri nilishaitoa. Kwenye pembe ya kioo, chini, kulikuwa na alama ya kidole, bado mbichi.

Sikuifuta. Nilikwenda kanisani, nikakitoa kigoda stoo, nikakirudisha pembeni ya kinanda.

Pedali nimeiacha nyumbani. Saa nane nitainua kidevu.