Sakafu Yenye Tumbo

Kwa miaka kumi na tisa fundi huyu wa vigae alipima kwa jicho kwanza, kifaa baadaye, na ndiyo maana wenzake walimwita Milimita. Mwaka huu jicho likaanza kumchezea. Kila ikifika saa tisa mchana, mstari mmoja kati ya vigae uligeuka miwili.

Mpimaji wa macho, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alimwambia macho yake hayavuti pamoja. Akamtengenezea miwani ya prizimu: lenzi nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili, ili mwanga upinde kidogo na zile picha mbili zikutane.

Zikakutana kweli. Ila siku ya kwanza kazini, Milimita aliiona sakafu ya sebule waliyokuwa wakiimalizia ina tumbo katikati, na kila kigae cheupe kina uzi wa rangirangi ukingoni.

"Shemeji, hapa umelaza vipi?" alimwuliza kaka wa mkewe, mwenzake wa kazi.

"Kama kawaida. Pima maji hii hapa, kiputo kiko katikati."

"Pima maji ya nani hiyo?"

"Yangu. Kwani vipi?"

Shemeji alipotoka kuchota maji, Milimita akaigeuza ile pima maji aone kama ni mbovu. Kiputo kikarudi palepale. Mwingine angetulia, yeye ndiyo kwanza wasiwasi ukamkaa rohoni. Basi saruji imepunjwa chini, alijiambia. Akakumbuka mfuko mmoja uliotoweka wiki iliyopita, shemeji akasema umelowana. Tangu hapo akawa anamvizia kwa pembe ya jicho kila anapochanganya.

"Mbona siku hizi kaka yangu humtaji?" mkewe alimwuliza.

"Nimechoka tu."

Jumapili alasiri aliomba ufunguo kwa mwenye nyumba, nesi mstaafu, akaingia peke yake na nyundo na tindo. Akavunja vigae vinne. Chini yake saruji ilikuwa imejaa, imeshika kama mwamba. Vumbi likatanda kwenye lenzi, akavua miwani aifute.

Sakafu ikanyooka. Mistari ilikuwa miwilimiwili, sawa, lakini pote tambarare kama meza. Akavaa: tumbo. Akavua: tambarare. Akakaa palepale kwenye vigae vilivyovunjika.

"Nilikueleza ukawa unaitikia tu," mpimaji alimwambia kesho yake. "Prizimu inaunganisha picha, lakini mwanzoni sakafu itaonekana imepinda mpaka uizoee. Na ukichungulia pembeni mwa lenzi utaona rangi na ukungu. Geuza kichwa, usigeuze macho."

"Kwa hiyo sakafu ni nzima?"

"Ya sakafu siyajui, baba. Miwani ni nzima."

Akaenda kumweleza shemeji yote, hadi habari za mfuko. Shemeji alisikiliza huku akikoroga saruji.

"Si ungeniuliza? Mfuko uko nyuma ya choo, umekuwa jiwe. Kautazame."

Miguu ilimwasha kwenda. Akajizuia.

Vile vigae vinne shemeji alivirudishia mwenyewe, hakutaka msaada. Siku ya nane sakafu ikatulia machoni mwa Milimita. Bado wanafanya kazi pamoja, ila shemeji hulaza chumba chake peke yake, na akimaliza humwita mwenye nyumba aje akague, si yeye.