Kikoleo cha Mkono Wenye Hofu

Wiki ile Mama Mayai hakutulia. Akikaa, kiti kinamchoma. Akisimama, miguu inataka kutembea. Akitembea, anajikuta jikoni kafungua kabati na hajui alifuata nini. Mumewe, mtu wa maneno machache na hamu kubwa ya kula, alimtazama akizunguka sebule mpaka naye kichwa kikamzunguka.

"Mke wangu, kaa basi."

"Nimekaa," akajibu Mama Mayai, naye kasimama.

Jina hilo walimpa kazini, na ngoja nikueleze, usije ukadhani alifuga kuku. Kazi yake ilikuwa kubuni vifaa vya kushika mkononi vya upasuaji mdogo kabisa, ule wa kupitia kwenye tundu la sindano badala ya kumfungua mtu kama papai. Wakati huo alikuwa na kikoleo cha jicho: mpini mnene kuliko kalamu, mbele yake mrija mwembamba, na kwenye ncha ya mrija meno mawili ambayo bila hadubini utaapa hayapo. Ukibana mpini, meno yanafumba, ukiachia, yanafumbuka. Kinaingia jichoni mpaka ukuta wa nyuma na kubandua utando unaoota pale na kumharibia mtu kuona. Na kwa kuwa jicho la mtu halijaribiwi, walijaribia mayai. Unavunja ganda kidogo, unaubandua ule utando wa ndani. Ukichanika, umeshindwa, chukua yai jingine. Kila jioni alirudi nyumbani na bakuli la mayai yaliyobaki, na kila jioni mumewe alifunua sufuria kwa matumaini akaifunika kwa huzuni.

Kikoleo kilikuwa tayari. Vipimo vyote kilishapita, na Alhamisi kingeingia kwenye jicho la mgonjwa wa kwanza. Karakana nzima ilikuwa inachekelea. Jambo ambalo hakuna aliyelijua pale ni kwamba mgonjwa huyo wa kwanza alikuwa baba yake Mama Mayai.

Mzee alikuwa fundi cherehani. Jicho la kushoto lilikufa zamani sana, akalizoea. Sasa la kulia nalo lilikuwa limeota utando, na kila kilichonyooka kwake kilipinda: mlango, ukingo wa meza, hata futi yake ya kupimia. Alimshonea mteja suruali, mteja akaivaa palepale dukani, akajitazama, akauliza, "Mzee, hii umemshonea mtu anayekata kona?" Watu walicheka, na mzee akacheka nao. Halafu akaukunja mkasi kwenye kitambaa na hakuukunjua tena. Binti yake alipouona mkasi umekunjwa vile, aliingia chooni akalia.

Sasa utauliza, kwa nini asiseme? Kwa sababu ya Daktari Mluzi. Huyu ndiye daktari wa macho aliyekuwa akija karakana kukijaribu kikoleo, na jina lake lilitokana na kupiga mluzi wakati wote wa kazi, hata ndani ya barakoa. Alikuwa na mwiko mmoja. "Ndugu wa mgonjwa sitaki kuwajua kabla ya kazi," alisema siku nyingi nyuma. "Nikishamjua mtoto wake, mkono unakuwa mzito. Na ndugu wa watu ninaofanya nao kazi siwagusi kabisa." Daktari mwingine wa kazi ile hakuwepo karibu. Basi mzee alipanga foleni kama wagonjwa wengine, akisindikizwa na mwanawe wa kiume, na Mama Mayai akafyata ulimi.

Jumatatu alimfuata baba yake dukani wampitie mtu mmoja ng'ambo ya barabara. Kando ya njia mzee alimshika mkono kwa vidole vitatu, kiungwana, kama anayekagua kitambaa. Walipofika katikati ya lami, gari likapiga honi.

"Baba, unanivunja!"

"Nani, mimi? Nimekushika kidogo tu."

Walipovuka, Mama Mayai aliutazama mkono wake. Alama zilikuwa za vidole vyote vitano, hata kile cha mwisho, na mzee alikuwa anaamini kabisa kwamba ameshika kidogo. Hapo akasimama palepale.

Jamani, alikuwa amekumbuka udongo. Ili mpini uukae vizuri mkono wa daktari, alimpa donge la udongo ule wa kuchezea watoto alibane, kisha mpini ukachongwa kufuata alama. Na daktari alilibana akiwa ameketi, kikombe cha chai mbele yake, anapiga mluzi, anatania. Kwa vidole vitatu! Ndivyo walivyo watu wa kazi ile: mkono wanaupima ukiwa umetulia, maana ukihangaika vipimo vinaharibika. Hakuna aliyewahi kujiuliza mkono wa daktari unafanya nini ukiogopa. Vidole viwili vya nyuma vikijiunga na vile vitatu, nyuma ya mpini itashuka, ncha itaruka mbele. Kidogo tu, lakini kule mwisho wa jicho hakuna kidogo. Na baba yake alikuwa na jicho moja.

Kesho yake Daktari Mluzi alikuja kumalizia mazoezi. Akaketi kwenye hadubini, akaanza yai lake na mluzi wake. Ncha ilionekana kubwa kwenye skrini ukutani, inafumba na kufumbua kwa adabu.

"Daktari, ukiogopa unashikaje?"

"Mimi?" akacheka bila kuinua kichwa. "Mama Mayai, mkono huu hauna habari ya woga."

Mama Mayai alizunguka meza. Akarudi. Akachukua mfuniko wa bati, akauangusha kwa makusudi nyuma ya kiti. Mabega ya daktari yaliruka, mkono haukutikisika.

"Hunipati kwa mfuniko," alisema daktari, akaendelea na mluzi wake.

Sasa alibaki na jambo moja tu la kumtisha mtu yule, na kulificha ndiko kulikokuwa kumeshikilia jicho la baba yake. Akilisema, mzee amepoteza daktari. Asiposema, Alhamisi kikoleo kinaingia kilivyo. Alitamani mtu mwingine aingie, amwite, amtume kokote. Hakuingia mtu.

"Mgonjwa wa Alhamisi ni baba yangu mzazi," alisema. "Jicho lake lingine lilikufa."

Mluzi ulikatika. Kwenye skrini, meno yalifumba kwa nguvu, ncha ikaruka, na utando wa yai ukachanika kutoka upande huu hadi ule. Wote wawili waliutazama mkono wa daktari. Vidole vyote vitano vilikuwa vimeung'ang'ania mpini, hadi kucha zimekuwa nyeupe.

Daktari alikiweka kikoleo chini taratibu. "Umenificha."

"Nimekuficha."

"Miezi yote hii tunakula mayai pamoja, umenificha! Na unajua msimamo wangu. Simpasui."

"Sawa, usimpasue," alisema Mama Mayai. "Lakini siku moja utampasua mtu ambaye mtoto wake umepishana naye mlangoni, analia. Utamwepuka vipi? Kikoleo kitafanya hivihivi. Kosa si lako, daktari, ni langu. Niliupima mkono wako ukiwa na chai."

Daktari Mluzi alipumua kwa nguvu kama aliyepanda ngazi. Nilikwambia alikuwa mtu wa utani, lakini pale utani ulimwisha wote. Mara akanyoosha kiganja.

"Lete udongo wako. Haraka, kabla sijatulia."

Operesheni ikasogezwa. Mzee alinung'unika: "Hiyo ndoano yenu mnaisubiri itage?" Mama Mayai hakuwa na muda wa kujibu. Lile donge jipya lilikuwa na mabonde matano, mawili ya nyuma yamezama kuliko yote. Kwanza alifikiria kuweka kitu cha kuvizuia vidole vile viwili. Akachora, akafuta, akachora. Chakula kikamshinda, usingizi ukampaa. Halafu akajisemea: woga huukatazi, upe pa kukaa. Akatengeneza mpini wenye sehemu ngumu nyuma, imara, isiyounganishwa na meno. Vidole viwili vikija na hofu yao, vibane pale mpaka vichoke. Mbele hakitasogea kitu. Na meno akayawekea kizuizi yasifumbe kupita kiasi. Vipimo vikaanza upya, vyote, na Mama Mayai akazidi kukonda.

Siku ya kujaribu, Daktari Mluzi alishika yai na kusema, "Haya. Niambie habari za mzee."

"Habari gani?"

"Zote. Nitishe."

Basi Mama Mayai akasimulia, anatembea huku na huku nyuma ya kiti. Jinsi baba yake alivyomshonea sare ya shule yenye mfuko wa siri ndani, wa kuwekea penseli, kwa kuwa kaka zake walikuwa wanamwibia. Jinsi alivyomlea peke yake tangu mama alipofariki, akamsuka nywele vibaya sana, akamsuka tena. Jinsi mkasi ulivyokunjwa. Akasimulia mpaka machozi yakamfika kidevuni. Hapakuwa na mluzi. Vidole vitano vilikuwa vimebana mpini, vyeupe, na kwenye skrini meno yalifumba polepole, yakashika, yakavuta. Utando ulibanduka wote, mzima.

Daktari alijifuta jasho kwa mkono wa koti. "Mlete baba yako," alisema.

Siku yenyewe sitaieleza sana, kwa kuwa Mama Mayai aliipitisha ukumbini akienda na kurudi, mpaka mfagizi akamwomba amwachie sehemu moja ikauke. Alitega sikio mlangoni. Mluzi hakuusikia. Daktari alipotoka alikuwa anakunjakunja vidole viwili vya mwisho, vimekufa ganzi. "Utando umetoka wote," alisema, akaenda kukaa.

Macho hayana haraka. Mwanzoni mzee aliona ukungu, halafu ukungu wenye vitu ndani yake, na Mama Mayai akazidi kuhangaika. Kila walipokwenda kliniki, wakifika kwenye lami, mzee alimkamata mkono kwa vidole vyote vitano kama kawaida yake.

Siku moja, wiki nyingi baadaye, walikuwa wameketi kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Mama Mayai alikuwa anatingisha mguu. Mzee alikuwa anautazama mlango wa chumba cha daktari, akaufuata kwa jicho kutoka juu hadi chini, akatikisa kichwa kama anayekubali bei. Kisha akageuka kumwambia kitu bintiye, jicho likaangukia mkono wa binti. Akaushika, akausogeza karibu na uso. Uso wake ukabadilika.

"Mwanangu," alisema kwa hasira, "ni nani aliyekufinya hivi?"

Mama Mayai alizitazama zile alama tano. Mguu ukaacha kutingishika.