Kitambaa Cheupe cha Mkaguzi

Mume wangu wanamwita Bwana Kesho, na jina hilo hakusingiziwa. Gari letu la kubeba wanafunzi lilipoanza kutoa moshi mweusi, nilimwambia nozeli za kupulizia dizeli kwenye injini zimechoka. Akasema kesho. Mpira wa mlango wa nyuma ukachanika, moshi ukawa unaingia ndani. Kesho. Leo, siku ya ukaguzi, nilipomaliza kushusha watoto shuleni nilimkuta ananisubiri nje ya geti la wakaguzi, ameshika sabuni na waya wa kusugulia sufuria.

Hakuwa peke yake. Nyuma ya kila gari alichuchumaa mwanamume mzima, mkono umezama kwenye bomba la moshi hadi kiwikoni, anasugua masizi. Mkaguzi wa pale ana kipimo kimoja tu: anajiviringishia kitambaa cheupe kidoleni, anakipitisha ndani ya bomba. Kikitoka cheupe, umepita. Kwa hiyo wakishasugua hakuna anayethubutu kuwasha injini. Magari yote yanaingia kwa kusukumwa, kana kwamba nchi nzima imeishiwa mafuta.

"Na nozeli je, baba watoto?" nilimuuliza.

"Tupate stika kwanza. Nozeli tutaziangalia."

Namjua. Akishapata stika, nozeli hizo wataziangalia wajukuu.

Nilijikausha, lakini moyoni nilikuwa nimefura. Jana jioni nilimfuta pua kitindamimba wetu, kitambaa kikatoka cheusi. Anakohoa hadi machozi yanamtoka. Watoto wa watu wanakaa mbele, wa kwetu anakaa panapobaki, yaani benchi la nyuma kabisa, mgongo kwenye mlango ule. Nilishaapa kwamba hakai tena pale na moshi ule, stika iwepo isiwepo.

Nikashika usukani, mume wangu na wenzake wakasukuma huku wakitaniana. Mkaguzi akainama, akapitisha kidole. Kitambaa kikatoka cheupe pe. Akabandika stika kwenye kioo, na mume wangu akanyanyua mikono kama aliyefunga bao.

Nikawasha injini, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Ua mzima ukawa mweusi. Watu walitawanyika wakijiziba pua.

"Mama, zima gari," mkaguzi alisema. "Umeshapita, unatafuta nini tena?"

"Namtafuta huyu." Nilimgeukia mume wangu. "Ingia nyuma. Kaa pale anapokaa mwanao."

"Mama watoto, usiniaibishe mbele za watu."

"Ingia. La sivyo gari hili silipeleki popote, na funguo huzioni."

Wenzake wakacheka. Mmoja akamfungulia mlango, akampigia saluti. Naye, ili yaishe, akaingia akitabasamu, magoti yakimgusa kidevu. Mlango ukafungwa. Nikakanyaga tena, safari hii taratibu, kama ninavyoendesha kila asubuhi.

Nilimtazama kwenye kioo. Tabasamu lilikuwa la kwanza kuondoka. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Akaanza kukohoa, akapapasa mlango akitafuta kitasa, na kwa ndani hakipo. Kiling'oka zamani, nacho kilikuwa cha kesho. Roho iliniuma, nampenda mwanamume yule, lakini sikuondoa mguu mpaka alipogonga kioo.

Nilizima gari, nikashuka, nikamfungulia mwenyewe. Alitoka ameinama, macho mekundu. Wenzake hawakuwa wanacheka tena.

"Huwa anagonga?" aliniuliza.

"Nani?"

"Mtoto. Akizidiwa, huwa anagonga?"

"Hagongi. Alisema baba amemwambia avumilie, gari litatengenezwa."

Alizunguka hadi mbele, akaanza kuibandua stika kwa kucha.

"Bwana, hiyo ni halali yako," mkaguzi alimwambia. "Umepita."

"Sijapita," alisema mume wangu, na akaendelea kukwangua.