Ua la Vigae Vyeusi

Mume wangu alipoezeka nyumba yetu, aliniambia amenichorea ua kwa vigae vyeusi upande wa nyuma, unaotazamana na ukuta mrefu wa jirani. Kutoka chini halionekani, na mimi ngazi naiogopa, kwa hiyo miaka yote namwita mwongo. Sasa paa linavuja, kesho mafundi wanang'oa vigae vyote, naye magoti hayamruhusu tena kupanda.

Mjukuu wetu wa kike akatuonea huruma. Aliunda ndege kwa lile povu gumu lililokuja na friji, akaitia mota na rimoti ya gari bovu la kuchezea. Simu yake ya zamani akaifunga tumboni mwa ndege kwa mpira wa sketi yangu kuukuu, ipige picha yenyewe. Ndege ikaruka, ikazunguka, ikanasa kwenye kamba ya nguo. Kutazama picha, mawingu matupu!

"Umeifunga simu jicho juu, bibie," babu yake akamtania. "Umewapiga picha malaika."

Akaigeuza simu, akairusha ndege tena. Safari hii paa lilionekana lote, na vigae vyeusi vimejikusanya katikati, duara limepinda.

"Haya, mwongo nani?" mzee akauliza.

"Mume wangu, hili ni ua au kabichi?"

"Siku ile ulikuwa unaniita chai inapoa, nikalimalizia haraka! Ningefanyaje?"

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Mafundi walipofika, niliwaambia wang'oe kote, ila kabichi yangu wasiiguse. Ikivuja, nitakinga beseni.